Kinshasa 1974: muziki uliongoja miaka 43

Ukiuliza mzee yeyote wa Bunia aliyekuwa kijana mwaka 1974, kule Kinshasa kulitokea nini mwaka ule, hatafikiri sana. Atakuambia: Ali na Foreman. Atakuonyesha kwa mikono namna Muhammad Ali alivyojiegemeza kwenye kamba, akaacha mwenzake apige mpaka achoke, na katika raundi ya nane akamwangusha. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba, saa kumi za usiku kule Kinshasa, saa kumi na moja kwetu huku mashariki, majogoo yakianza kuwika. Mzee mmoja wa Mudzipela alituambia: «Siye tulilala na redio ku kitanda. Batri zilikuwa zinaisha, tukazianika ku jua muchana muzima juu ya ule usiku.»

Lakini ukimwuliza mzee huyo huyo habari za muziki uliopigwa katika kiwanja kile kile, majuma matano kabla ya ngumi, ananyamaza kidogo. «Ee, kulikuwa muziki. James Brown alikuja.» Basi. Wanafunzi wetu wa sekondari hata hilo la James Brown hawalijui.

Katika andiko hili tunataka kusema juu ya muziki ule, na hasa juu ya kurekodiwa kwake. Kwa sababu ulirekodiwa wote, papo hapo, mbele ya watu. Na sehemu ya Waafrika, yaani sehemu yetu, ikakaa miaka 43 bila kutolewa kwenye diski.

Kwanza tueleze neno moja: jazz. Kijana wa leo akisikia jazz anafikiri muziki wa Wamarekani weusi, tarumbeta na piano, muziki wa kusikiliza ukiwa umekaa. Kwa wazee wetu jazz lilikuwa jina la orkesta. Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alianzisha African Jazz kule Léopoldville mwaka 1953. Mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz, na ndani yake kijana Franco Luambo ambaye hakuwa bado na miaka kumi na minane. Herufi zile OK zilitoka kwenye baa ya Oscar Kashama, ambamo walikuwa wanapiga. Ndugu zetu wa Tanzania nao walikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Hakuna hata mmoja aliyepiga jazz kama ya New Orleans. Walipiga rumba na cha-cha, wakachanganya na nyimbo za kwao. Jazz ilimaanisha tu: sisi ni watu wa sasa, tuna gita, tuna saksofoni, tumevaa vizuri.

Rumba yenyewe ilikuja kwetu kwa diski. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya Uingereza, His Master's Voice, ilileta Afrika diski za Kuba zenye namba za GV, na watu wa Kongo waliposikia mapigo yale walitambua kitu chao kilichovuka bahari pamoja na watumwa. Tunasema haya kwa sababu mwaka 1974 watu wa Kuba wenyewe walikuja, na mwanamke Celia Cruz kati yao, wakapanda jukwaa moja na watoto wa rumba ya Kinshasa. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na wengi walishangilia. Lakini ushuhuda mmoja mzuri kuliko yote ulikuwa umekwisha kurekodiwa zamani.

Mambo yalikuwa hivi. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, pamoja na rafiki yake Stewart Levine, mtengenezaji wa diski kutoka Marekani, waliwaza hivi: ngumi ya Ali na Foreman itavuta waandishi na watalii kutoka kila pahali, basi tuitangulize kwa siku tatu za muziki, Wamarekani weusi na Waafrika jukwaa moja. Fedha zilitoka kwa wenye mali wa Liberia. Jina la sikukuu likawa Zaïre 74. Muziki ulipangwa tarehe 22, 23 na 24 Septemba, na ngumi tarehe 25. Pahali ni kiwanja cha Tarehe 20 Mei, kile tunachokiita leo Tata Raphaël, kwa jina la padri Raphaël de la Kethulle aliyekijenga. Kilifunguliwa mwaka 1952. Tarehe 20 Mei ilikuwa ya kukumbuka kuzaliwa kwa chama cha MPR mwaka 1967.

Halafu Foreman akapasuliwa juu ya jicho akiwa mazoezini. Ngumi ikasogezwa mpaka mwisho wa Oktoba. Wageni wengi hawakuja tena. Lakini wanamuziki walikuwa na siku zao, na muziki haukuweza kungoja. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza viti vingi vilikuwa vitupu, kwa sababu bei ya tiketi haikuwa ya mtu wa Kinshasa wa kawaida, na kwamba kiwanja kilijaa tu pale milango ilipofunguliwa kwa wananchi. Sisi tunasadiki. Mtu yeyote aliyekwisha kutengeneza sikukuu katika inchi yetu anajua jambo hili: ukiweka bei ya wageni, utaimbia viti.

Orodha ya waliopanda jukwaani ni ya ajabu mpaka leo. Kutoka Marekani: James Brown, B.B. King, Bill Withers, The Spinners, The Crusaders, Sister Sledge, na Fania All Stars pamoja na Celia Cruz. Kutoka Cameroun: Manu Dibango. Miriam Makeba, ambaye serikali ya wazungu wa Afrika Kusini ilimnyima kurudi kwao, na wakati ule aliishi Guinée. Na kwetu: Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Orchestre Stukas ya Lita Bembo, Abumba Masikini, na dada yake Abeti.

Tusisahau hali ya inchi. Ilikuwa miaka mitatu tangu Kongo iitwe Zaire. Majina ya kikristo yalikatazwa mwaka 1972, ndiyo maana Rochereau akawa Tabu Ley na Franco akawa Luambo Makiadi. Novemba 1973 serikali ilitwaa mali ya wafanyabiashara wa kigeni. Hapa Bunia maduka ya Wagiriki yakapata wenyewe wapya, na wazee wanakumbuka namna rafu zilivyobaki tupu muda mfupi baadaye. Juni 1974 timu ya taifa, Léopards, ilifungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Mobutu alihitaji jambo la kurudisha jina. Ngumi na muziki vilikuwa dawa yake. Hilo halifichiki.

Sasa tuje kwa Abeti, kwa sababu kwake njo historia ya Kinshasa inagusa mlango wetu.

Abeti Masikini alizaliwa Novemba 1954 Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na jina lake la kwanza lilikuwa Elisabeth Finant. Sisi tuliozaliwa Ituri tunapaswa kusimama kwenye jina hilo. Jean-Pierre Finant, baba yake, mtu wa chama cha Lumumba, alikuwa rais wa kwanza wa Jimbo la Mashariki mwaka 1960. Jimbo hilo lilikuwa letu vilevile: Ituri ilikuwa wilaya yake, na watu wa Bunia walikuwa chini ya serikali yake mwezi ule wa uhuru. Hakudumu. Alikamatwa, akapelekwa Bakwanga kule Kasai, akauawa Februari 1961 pamoja na wafuasi wengine wa Lumumba, wiki chache baada ya Lumumba mwenyewe kuuawa. Mtoto wake alikuwa na miaka sita.

Mtoto huyo akakua, akaimba. Mtogo mmoja aitwaye Gérard Akueson akamshika mkono, akawa mtengenezaji wa muziki wake na baadaye mume wake. Mwaka 1973 aliimba Olympia, Paris. Katika nyimbo zake aliweka Kilingala, na pia Kiswahili cha kwao, jambo ambalo orkesta kubwa za Kinshasa hazikulifanya mara nyingi. Na Septemba 1974, kabla hajatimiza miaka ishirini, akapanda jukwaa la kiwanja cha Tarehe 20 Mei, katika sikukuu ya serikali ambayo mkuu wake ndiye aliyemsimamisha Lumumba kazini Septemba 1960.

Tulipofundisha jambo hili, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono, akauliza: «Mwalimu, aliwezaje?» Tulikaa kimya. Mwingine akajibu kwa niaba yetu: «Angefanya nini? Angekaa bila kuimba?»

Hatutaki kumfanya Abeti mtu wa upinzani. Karibu wanamuziki wote wa wakati ule waliimba sifa za chama, na mtu aliyekataa alijua mwisho wake. Tena Mobutu mwenyewe, tangu mwaka 1966, alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Watu walizoea kusikia mambo mawili yasiyopatana kwenye redio moja. Ila tunasema hivi: sisi walimu wa historia tumezoea kutafuta maneno. Barua, hotuba, sheria. Hapa hakuna neno moja la Abeti juu ya baba yake. Kuna sauti tu, ya msichana wa Kisangani mbele ya umati, siku fulani, saa fulani. Na sauti hiyo ipo. Inasikika. Ndiyo maana kurekodiwa kule kuna thamani kuliko magazeti yote ya siku zile, ambayo yaliandika yale yaliyoagizwa.

Basi ilikuwaje hata sauti hiyo ikakaa miaka 43?

Filamu zilipigwa na muziki ukarekodiwa, lakini mara moja yakaanza mambo ya fedha na ya haki: nani mwenye kanda, nani alipwe kwanza. Sehemu ya wageni ilitoka kidogo kidogo. Fania All Stars walipata diski yao ya Afrika katika miaka ya 1980. Mwaka 1996 ikatoka filamu ya Leon Gast juu ya ngumi, ikapata Oscar mwaka 1997, na muziki ndani yake ni kama chumvi kwenye mboga. Mwaka 2008 ikatoka filamu nyingine, Soul Power, juu ya muziki wenyewe. Lakini hapo pia James Brown ndiye mwenye nyumba, na Waafrika ni wageni kwao. Diski ya wasanii wa Afrika peke yao ilitoka mwaka 2017. Wakati huo Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Abeti tangu 1994, Makeba tangu 2008, Tabu Ley tangu 2013. Masekela aliiona, akafariki Januari 2018.

Ili msomaji apime urefu wa miaka hiyo, tumpeleke mbali kidogo, Japani. Kati ya Japani na jazz za kwetu kuna njia: mwaka 1970 Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka Mwinshehe, walikwenda kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya Osaka. Sasa katika mji huo huo wa Osaka, tarehe 1 Februari 1975, miezi minne tu baada ya Kinshasa, Mmarekani Miles Davis alipiga mara mbili kwa siku moja, mchana na jioni. Kampuni ya diski ya Wajapani ilirekodi yote mawili. Muziki wa mchana ukawa diski iitwayo Agharta, na kabla mwaka 1975 haujaisha ilikuwa dukani. Wajapani walifanya vilevile kwa watu wao wenyewe: kampuni ndogo ya Tokyo, Three Blind Mice, iliyoanza mwaka 1970, mwaka 1974 ilimrekodi mpiga piano Tsuyoshi Yamamoto akiwa katika klabu ya Misty, watu wakinywa na kuongea pembeni. Klabu, si kiwanja cha taifa! Na diski ikatoka, na hata leo watu wanaitafuta.

Hatusemi Wajapani wana akili kupita sisi. Kwao mwenye kanda alikuwa mtu wa mji ule ule, alijua wanunuzi wake, na mtu akimdai aliweza kumpata barabarani. Kanda za Kinshasa zilikuwa na wenyewe wengi mbali na Kinshasa, na kati yao wote hakuna aliyeona haraka ya kumwuzia mtu wa Zaire sauti ya Abeti.

Tunarudi kwa muziki, kwa sababu kuna jambo lingine ambalo diski hiyo imetufundisha, na ni jambo la masikio.

Wale waliokua na diski ndogo za 45 wanajua taabu yake. Upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa: nusu upande wa A, nusu upande wa B. Kwa kawaida sehemu ya kuimba ilikuwa mbele, na sebene, yaani pale waimbaji wanapowaachia wapiga gita na watu wanacheza kweli, ilisukumwa upande wa B, au ikafupizwa. Katika baa na redioni kulikuwa kile kimya cha kugeuza diski. Kizazi kizima cha Bunia kilijifunza rumba kwa vipande. Lakini mtu wa Kinshasa aliyekwenda kumwona Franco usiku alikuta kitu kingine: sebene haikuwa na upande wa B, iliendelea mpaka miguu ya watu iseme basi.

Tulipopata muziki huu, rafiki alituletea kutoka Kampala ndani ya kadi ya simu, tukausikilizisha wanafunzi wa darasa la tano kwa kisanduku kidogo cha sauti. Tulitazamia wacheke, kwa sababu vijana wanacheka vitu vya wazee. Mwanzoni walicheka. Halafu gita zikaingia moja juu ya nyingine, na umati ukasikika, na msichana mmoja wa nyuma akasema: «Kumbe sebene ya leo ilitoka hapa!» Tukawaambia hapana, ilitoka mbali zaidi, ila hapa unaisikia bila mkasi. Prefe alipita dirishani, akasikiliza, akaenda zake bila kusema kitu. Tulishukuru.

Na sisi watu wa Ituri, sauti zetu ziko wapi? Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu wa Afrika Kusini, alipita kwenye misitu yetu na mashine zake akarekodi Wambuti, Wabira na wengine. Nyimbo hizo zimetunzwa vizuri sana, kule Afrika Kusini. Baadaye tulikuwa na Radio Candip, iliyotoka katika Institut Supérieur Pédagogique ya hapa Bunia, shule ile iliyotufundisha kazi. Ilisikika kwa masafa mafupi, kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na lugha za hapa. Watu walikaa mbele ya redio na kaseti tupu, kidole kikiwa juu ya kitufe, kusudi wanase wimbo au salamu ya jamaa yao. Kila nyumba iliyokuwa na mashine ya kaseti ilikuwa, bila kujua, nyumba ya kutunza historia. Ndoa, matanga, kwaya, orkesta ya kartie iliyopiga mwaka mmoja na kufa: vyote viliingia kwenye kaseti, mara nyingi juu ya kitu kingine kilichofutwa.

Halafu vita. Mei 2003, Bunia ilipowaka, sisi tulitoka kwa miguu kuelekea Beni na mtoto mmoja mgongoni, sufuria na diplome ndani ya plastiki. Kaseti za baba zilibaki kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, kama arobaini hivi. Tuliporudi, mlango haukuwapo, kitanda hakikuwapo, na sanduku lilikuwa limepasuliwa kuni. Kanda zilikuwa zimetandazwa uani kama nyuzi za buibui, zimenyeshewa. Watoto wa jirani walikuwa wamefunga nazo mpira wa matambara.

Tulipata kaseti saba zenye kuonekana nzima. Nyingine tulikuta ni mahubiri, mbili ni OK Jazz zilizonakiliwa, na hizo hazina hasara, zinapatikana. Lakini moja imeandikwa kwa kalamu ya baba: ndoa ya ndugu yake mdogo, 1986, na chini yake jina la kartie tu, si la orkesta. Waliopiga ni vijana wa hapa. Hatujui tena ni nani kati yao anayeishi.

Mwaka jana tulisoma juu ya diski ile ya 2017 katika mkutano wa chama chetu cha utamaduni, na mzee mmoja akatuuliza mbele ya watu: «Mnalilia kaseti za Kinshasa, na zenu mumeshasikiliza?» Watu walicheka, sisi pia, lakini alisema kweli. Kwa miaka zaidi ya ishirini kaseti ile ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga na hatukuthubutu kuipiga, kwa kuogopa mashine iimeze.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja wa redio pale soko kuu. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akakuta ukanda umekatika mahali pawili, akaunganisha kwa skochi, akapangusa kichwa cha mashine kwa pamba na alkoli. Akaomba tukae mbali kidogo. Kwanza ni upepo tu. Halafu gita moja, imelegea, halafu batri, halafu mtu anamwita bibi yetu kwa jina, kwa sauti ya juu, aje acheze. Fundi alitaka kuizima ili arekebishe kasi. Tulimwambia aache.

Upande wa A umenakiliwa na uko kwenye simu tatu. Upande wa B unangoja, kwa sababu fundi amesema tumletee kwanza kaseti nyingine isiyo na maana ya kujaribia.